Tairi la nyuma likiliwa upande wa ndani: unyooshe magurudumu au ununue tairi, na ukinunua ununue lipi

"Mwanangu, tia mkono huku ndani," fundi aliniambia. Gari lilikuwa juu ya jeki kwenye kibanda cha pancha hapa Malindi, na kilichonipeleka pale kilikuwa msumari tu. Nikainama, nikapitisha vidole juu ya tairi la nyuma la kushoto, kutoka nje kwenda ndani. Upande wa nje kashata, yaani meno ya mpira yanayokanyaga lami, zilikuwa ndefu, ukucha unazama. Katikati zilikuwepo. Kisha zikaanza kupungua, na mwisho kabisa, pale ambapo jicho halifiki gari likiwa chini, palikuwa kipara kitupu, na ncha ya waya ikanidunga kidole. Tulipopima, nje palikuwa na milimita 6, katikati 5, na ukingo wa ndani haukuwa na cha kupima.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimetoka Mombasa na tairi hilo hilo, na mvua ya masika ilinikuta Matsangoni. Nilikuwa na abiria, mamangu.

Gari langu ni Toyota 86, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Lakini habari hii inawahusu pia wenye Subaru BRZ, Nissan Fairlady Z, BMW za 3 Series, na hata Mark X zilizoshushwa springi, maana zote nimeziona kwenye vibanda vya hapa zikiwa na ugonjwa huo huo. Kila mara mwenyewe anauliza swali moja: ninunue tairi gani? Naomba swali hilo lisubiri kidogo. Kuna chaguo linalotangulia, na ukikosea hapo, tairi lolote utakalonunua litakufa kifo kile kile.

Soma tairi bovu kabla ya kulitupa

Tairi lililoliwa linaonyesha gari lina nini, ila lazima lipimwe sehemu tatu: nje, katikati na ndani. Kipimo cha kina cha kashata ni kidude cha bei ndogo. Usipokuwa nacho, chukua kijiti cha kiberiti, kizamishe kwenye mfereji, weka alama kwa ukucha, kisha kilaze juu ya rula. Tairi jipya la spoti huanza na milimita 7 hadi 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vijivimbe vidogo vilivyowekwa na kiwanda kwenye milimita 1.6, kashata zikishuka hadi usawa wa vijivimbe hivyo, tairi limekwisha, hata kama upande wa pili unang'aa.

Likiisha kingo zote mbili huku katikati pamebaki, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Likiisha katikati peke yake, upepo umezidi. Likiwa na mabonde na vilima ukilizungusha kwa mkono, shuku shokabzoba. Hayo yanaeleweka haraka.

Linalotusumbua sisi wa magari ya spoti ni la ukingo wa ndani, na lina wazazi wawili. Wa kwanza ni kemba, yaani gurudumu linavyolala. Magari haya hutoka kiwandani magurudumu ya nyuma yakiwa yamelala kidogo, juu yameingia ndani na chini yametoka nje, ili kwenye kona tairi likanyage lami kwa upana wake wote. Ukienda moja kwa moja, upande wa ndani ndio unaobeba zaidi. Wa pili ni tou, yaani gurudumu linatazama wapi ukiliangalia kutoka juu: mbele sawasawa, ndani kidogo, au nje.

Watu wengi huilaumu kemba kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho. Kwa nilivyoona, kemba ya kiwandani peke yake hula tairi polepole sana. Mlaji mkubwa ni tou, na vikikutana vyote viwili tairi halikai. Chukua hesabu hii. Tairi la saizi 215/45R17 lina kipenyo cha kama milimita 625. Tuseme magurudumu yote mawili ya nyuma yametazama nje, kila moja kwa milimita 3 kati ya ukingo wake wa mbele na wa nyuma. Tatu gawanya kwa 625, unapata kama 0.0048. Maana yake, kila kilomita moja unayokwenda mbele, kila tairi linaburutwa ubavu karibu mita 5. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, kwa hiyo ukifika Nyali tairi lako limeshasuguliwa ubavu zaidi ya nusu kilomita. Na kwa kuwa limelala, msuguo wote unaishia kwenye ule upana wa vidole viwili vya ndani.

Tou inaharibikaje wakati hakuna aliyeigusa? Kwa mashimo na matuta, kwanza. Wakati wa ujenzi wa kupanua barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi, tulipitishwa kwenye michepuko iliyokuwa na mawe kuliko lami, na gari la chini lilikuwa linagonga kila siku. Pili, bushi za mikono ya nyuma, yaani mipira iliyo kwenye maungio ya vyuma vinavyoshika gurudumu, huchoka, mpira unapasuka, na gurudumu linaanza kujitazamia linakotaka kila unapokanyaga mafuta. Tatu, springi za kushusha gari. Gari likishuka, mikono inabadilisha pembe na gurudumu linazidi kulala. Kwenye 86 na BRZ kiwanda kimeweka marekebisho ya tou kwa nyuma, lakini kemba ya nyuma haina bolti ya kuirekebisha. Aliyeshusha gari akataka kuirudisha kemba lazima anunue mikono ya chini inayorekebishika urefu. Wauzaji wa springi hawasemi hili, na ningependa kila kijana anayetamani gari lake liinamie chini alisikie kabla hajalipa.

Tairi moja likiliwa zaidi ya mwenzake, kama langu la kushoto, usilaumu kemba ya kiwandani, maana hiyo iko pande zote mbili. Tafuta mkono uliopinda au bushi iliyokufa upande huo. Kwetu tunaendesha kushoto, na ukingo wa kushoto wa lami ndio unaomegeka.

Kununua kwanza au kunyoosha kwanza

Chaguo la kwanza, ambalo karibu kila mtu hulichukua: unanunua tairi mbili mpya za nyuma leo, alaimenti (kunyoosha magurudumu) utafanya "mwisho wa mwezi". Faida yake ni ya kweli, unaondoka na gari salama siku hiyo hiyo. Kama waya unaonekana, kama ulivyoonekana kwangu, usithubutu kwenda Mombasa kutafuta alaimenti na tairi hilo. Vaa spea, au azima tairi la saizi hiyo, au nunua moja lililotumika la kukufikisha tu.

Chaguo la pili: unakagua bushi na mikono, unabadilisha kilichokufa, kisha unanyoosha na kuvaa tairi mpya, siku ile ile au kabla tu ya kupanda kwenye mashine.

Weka pesa ubavuni mwa machaguo hayo. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka ulizoambiwa dukani. Tuseme tairi moja ni shilingi 20,000, na likiliwa sawasawa linakwenda kilomita 30,000. Likifa kwa ukingo wa ndani baada ya kilomita 12,000, umetupa jalalani mpira wa shilingi 12,000. Kwa tairi mbili ni 24,000. Bushi mbili na alaimenti ya magurudumu manne zitakula sehemu ya pesa hizo, lakini utazilipa mara moja, na hasara ile ingerudi kila baada ya miezi michache. Mimi nililipa hasara hiyo mara mbili kabla ya kuelewa, ndiyo sababu naisema kwa sauti.

Kamba ya fundi na mashine

Hapa mjini utapata mafundi wanaonyoosha magurudumu kwa kamba ya nailoni. Wanaifunga kwenye vigingi pande mbili za gari, wanapima kwa rula umbali kutoka kamba hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu. Asikudanganye mtu kwamba hiyo ni kazi ya kubahatisha. Kamba ikinyooshwa sambamba na gari, sakafu ikiwa sawa na upepo wa tairi ukiwa sawa, fundi mwenye jicho anapata tou ya kuaminika, hata ya nyuma. Udhaifu wake ni kemba, ambayo inahitaji kipimo kingine, na sakafu. Vibanda vyetu vingi viko juu ya mchanga.

Mashine ya taa inapima vyote kwa pamoja, na inakupa karatasi yenye namba za kabla na za baada. Faida yake kubwa ni hiyo karatasi. Mimi nilikwenda hadi Mombasa kuifuata. Lakini mashine nayo haifanyi kazi peke yake. Gereji moja niliyoanzia ilinitoza alaimenti ya magurudumu manne, ikanyoosha ya mbele tu. Nilijua nilipolala chini ya gari nyumbani: bolti za kurekebishia nyuma zilikuwa na kutu ile ile, hakuna alama ya spana, hata vumbi halijafutwa.

Kutu hiyo ni ugonjwa wa mwambao. Upepo wa bahari una chumvi, na bolti hizi hukaa bila kuguswa miaka. Zinashikana ndani ya bushi, na fundi asiye na subira anaziacha, anaweka alama ya tiki, anakurudishia funguo. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kwenda kunyoosha, mwombe fundi wako azipulizie mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Na ukifika, sema wazi: "Naomba ya nyuma ndiyo ianze, na naomba karatasi ya kabla na baada." Gari linalofungwa mikono huru nyuma, yaani kila gurudumu na mikono yake, hunyooshwa nyuma kwanza, kisha mbele hufuata mwelekeo wa nyuma. Anayekwambia nyuma hakunyooshwi, labda amezoea magari ya ekseli nzima. Gari lako siyo hilo.

Tairi za aina tatu, barabara moja

Sasa tununue. Nitaziweka ubavu kwa ubavu aina tatu ambazo mwenye gari la spoti hukutana nazo. Sitazipa uzito sawa, kwa sababu hazistahili uzito sawa kwa barabara zetu.

Ya kwanza ni tairi za mashindano zilizoruhusiwa barabarani, mpira laini unaoshika kama gundi ukipata moto. Mfano unaojulikana ni Bridgestone Potenza RE-71R. Ubavuni mwake pameandikwa TREADWEAR 200, namba ya uchakavu nitakayoieleza hapo chini. Kwenye uwanja wa mbio ni raha tupu. Kwa safari ya Malindi na Mombasa siipendekezi hata kidogo. Mpira unakwisha upesi, kelele ni nyingi, na kwa sababu kashata ni pana na mifereji michache, zikianza kuchakaa maji yaliyotuama yanakuinua. Yule anayeishi karibu na uwanja wa mbio atakuwa na neno tofauti, na ni haki yake.

Ya pili ni tairi za spoti za barabarani: Michelin Pilot Sport 4S, Pirelli P Zero, na ndugu zao. Hizi zinashika lami kavu vizuri sana, na zilizo bora zinashika lami yenye mvua vizuri zaidi ya watu wanavyodhani. Jina lao la kigeni huziita za kiangazi, na hapo mtu wa Pwani asitishike: maana yake ni kwamba hazikuundwa kwa theluji na baridi kali. Kwetu, ambako hata usiku wa Julai hakuna baridi ya kuudhuru mpira, ndizo ziko nyumbani. Pilot Sport 4S ina TREADWEAR 300, P Zero ya kawaida 220.

Hapa kuna mtego. Namba ya TREADWEAR ni kipimo cha Marekani. Tairi huendeshwa kwenye mzunguko wa kama kilomita 640 huko Texas, jumla ya kilomita 11,500 hivi, na kuliwa kwake kunalinganishwa na tairi la kipimo lililopewa 100. Lenye 300 kwa mahesabu hayo linaliwa polepole mara tatu ya lile la kipimo. Lakini anayetoa namba ya mwisho ni mtengenezaji mwenyewe, na kila mmoja ana tahadhari yake. Tumia namba hiyo kulinganisha tairi mbili za kampuni moja. Ukilinganisha kampuni na kampuni, ichukue kama fununu. Na kumbuka namba hiyo ilipatikana kwenye magari yaliyonyooshwa sawasawa. Tou mbovu haisomi TREADWEAR.

Karibu na namba hiyo kuna herufi za kushika, AA, A, B na C. Hizo hupimwa kwa kufunga breki gari likienda moja kwa moja kwenye lami na saruji zilizoloweshwa. Hazisemi chochote kuhusu kona wala maji yaliyotuama. Tairi likiwa na kibandiko cha Ulaya, angalia herufi ya wingu la mvua. Mimi sishuki chini ya B.

Ya tatu ni tairi za safari ndefu zenye uwezo wa mwendo. Hizi vijana hawazitaki, kwa sababu jina halina sifa. Nataka kuzitetea. Toyota 86 ilipotoka mwaka 2012, magari mengi ya inchi 17 yalivalishwa Michelin Primacy HP, saizi 215/45R17 87W, tairi la aina hii hii, ambalo pia lilivalishwa baadhi ya Prius. Waundaji walitaka gari jepesi linaloeleweka, lenye kuteleza kidogo kidogo na kukuonya mapema, kuliko lenye kushika hadi mwisho na kukuachia ghafla. Tairi hizi zina kashata zilizokatwa kwa ajili ya maji, ubavu unaomeza shimo kidogo, na zinadumu. Ukitoka Kilifi saa kumi na mbili jioni na mvua imeshika, huhitaji mshiko wa uwanja wa mbio. Unahitaji tairi linalosukuma maji pembeni na kukwambia linapoanza kuchoka.

Kwa hiyo, kati ya ya pili na ya tatu, uamuzi uko kwenye nguvu ya gari na tabia ya mguu wako. Gari lenye nguvu nyingi nyuma, kama Z, au BMW ya silinda sita yenye turbo, lipe ya pili. Kulivalisha tairi lisilomudu mwendo wake ni kulidhulumu. Gari la nguvu za kiasi kama langu linaishi vizuri sana na ya tatu.

Vyovyote, usishuke chini ya herufi na namba za kiwandani. Kwenye 87W, 87 ni uzito, kilo 545 kwa tairi, na W ni mwendo, hadi kilomita 270 kwa saa. Hakuna atakayekwenda mwendo huo Gede, wala asijaribu, lakini herufi hiyo pia inaeleza jinsi tairi linavyovumilia joto, na lami ya hapa saa nane mchana inaunguza unyayo. Halafu soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "jipya" lililokaa dukani miaka sita kwenye joto letu siyo jipya.

Neno moja kuhusu tairi zilizokuja na gari kutoka Japani. Ukiona ubavuni pameandikwa STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kashata zenye mikato midogo mingi kama sega, hilo ni tairi la majira ya baridi. Kashata zinaweza kuwa ndefu na bei ya kuvutia. Mpira wake uliumbwa uwe laini kwenye barafu. Hapa unayeyuka kama jibini ya mikahawa ya Waitaliano iliyoachwa juani, na gari linayumba kwenye kona. Liache.

Ranfleti au tairi la kawaida

Hii ni ya wenye BMW zaidi. Ranfleti ina ubavu mgumu unaobeba gari hata bila upepo, kwa kawaida kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Ukipata pancha popote kati ya Malindi na Mombasa, kilomita hizo zinakufikisha mji ulio karibu. Kwa mtu anayesafiri usiku na familia, hilo ni jambo zito na sitalidharau.

Lakini tazama upande wa pili. Kwenda kaskazini, ukivuka daraja la Sabaki, ukapita Mambrui na Gongoni hadi Garsen, ranfleti itakufikisha mahali penye watu, ila hutakuta pale tairi la 255/35R18. Ranfleti iliyotembea bila upepo haifai kuzibwa na kurudishwa. Vibanda vingi haviwezi kuivua bila kuumiza rimu. Na ubavu ule mgumu hupeleka kila shimo moja kwa moja kwenye rimu na bushi, bushi zile zile ambazo zikifa zinakuletea ukingo wa ndani uliokwisha. Ningekuwa na BMW hapa Malindi, ningevaa tairi za kawaida, nikabeba pampu ya umeme, vifaa vya kuzibia, na spea nyuma hata kama inakula nafasi ya mizigo.

Nyuma pana, au saizi moja

Magari mengine hutoka kiwandani na nyuma pana kuliko mbele. Fairlady Z ya toleo la Z33 yenye rimu za inchi 18 ina 225/45 mbele na 245/45 nyuma; BMW nyingi za toleo la E90 zenye rimu za 18 zina 225/40 na 255/35. Sura inapendeza na mshiko wa nyuma unaongezeka. Gharama yake ni kwamba huwezi kuhamisha za nyuma kwenda mbele, kwa hiyo za nyuma zinakufa peke yake.

Saizi moja pande zote, kama kwenye 86, inakuruhusu kuhamisha: za nyuma zinakwenda mbele moja kwa moja, za mbele zinakwenda nyuma kwa kupishana. Tairi zenye mshale wa mwelekeo hazipishani, zinabaki upande wake. Mimi nahamisha kila kilomita 8,000, na hilo peke yake limenifaa kuliko tofauti ya bei kati ya tairi na tairi.

Wenye Subaru za magurudumu yote manne wana sheria kali zaidi. Mzingo wa matairi yote manne usitofautiane zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Ukigeuza hiyo kuwa kina cha kashata ni milimita moja tu. Kwa hiyo mbili mpya na mbili za zamani hazikai. Utaitesa difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ama nne, ama zinazolingana.

Na ukinunua mbili kwa gari lisilo la magurudumu manne, mpya ziende nyuma. Za mbele zikiteleza kwenye maji unalisikia kwenye usukani. Za nyuma zikiteleza, gari limeshageuka.

Nilivyochagua

Mwenzangu anayezunguka Malindi na Watamu tu, gari la nguvu nyingi, nilimshauri tairi za spoti za barabarani na alaimenti kila mwaka. Anayekwenda Mombasa kila wiki na gari la kiasi, tairi za safari ndefu, zenye W na herufi nzuri ya mvua. Anayepanda kuelekea Garsen, Witu na Mokowe, vivyo hivyo, na spea ya saizi kamili.

Mimi nilibadilisha bushi mbili za kushoto, nikang'oa bolti moja iliyoshikana na kuweka mpya yenye grisi, nikanyoosha nyuma kisha mbele, nikavaa nne za aina ile aliyoichagua Toyota. Upepo naujaza asubuhi tairi likiwa baridi, kwa namba ya kibandiko cha mlangoni, maana mchana tairi lililokimbia linasoma zaidi ya kweli.

Juzi nilikuwa Mokowe, gari nimeliegesha kivulini nikisubiri boti ya kuvuka kwenda Amu. Nikatoa kipimo. Kilomita 11,000 tangu zivaliwe. Nyuma kushoto: nje milimita 6, katikati 6, ndani 5.5. Nyuma kulia: 6, 6, 6. Kile kinusu cha kushoto nimekiandika kwenye daftari, na nikirudi Malindi fundi ataanza na ile bolti mpya.